Silinda ya Tatu

Pijo letu limeamka na kikohozi.
Barabara ya Kumi na Sita yote imesikia:
tu-tu-kimya-tu, tu-tu-kimya-tu,
kama mtu anayepanda ngazi iliyong'oka kidato.

Mhina yuko barazani na chai yake isiyo na sukari.
"Inakosa," anasema. "Zima. Hapana, usizime."
Miaka ishirini na mitatu aliendesha gari la shamba la mkonge,
Pongwe hadi bandarini, bandarini hadi Pongwe.
Sasa sukari imemla macho, jicho la kulia kwanza,
la kushoto likafuata kama mke mtiifu.
Mimi si mtiifu. Ndiyo maana spana iko kwangu.

Nafungua boneti, naiegemeza kwa mpini wa jembe.
Kutu ya Tanga haipigi hodi;
huingia na upepo, hukaa chini ya rangi,
huvimba kidogo kidogo, siku ukibonyeza kwa kidole
kidole kinapita.
Mlango wa dereva niliuziba kwa bati la kopo la mafuta ya kula.
Ukichungulia kwa ndani bado pameandikwa: Hayana lehemu.

Fundi wa Gofu alitaka laki mbili na nusu.
"Mama, hii injini ni ya kushusha."
Kushusha! Kwa kikohozi!
Mara ya mwisho aliposhusha, ilirudi na altaneta ya mtu mwingine,
mgonjwa mwenzake.

Basi natoa waya za plagi, mmoja mmoja, injini ikinguruma,
mkono nimeuviringishia mpira wa baiskeli.
Wa kwanza: injini inayumba, inalia, inataka kufa. Narudisha.
Wa pili: vilevile, hadi kibao cha namba kinagonga.
Wa nne, nimeruka makusudi: inalia.
Wa tatu.
Nautoa wa tatu na hakuna kinachobadilika.
Mlio uleule. Kidato kilekile hakipo.
Narudisha, natoa tena.

"Ya ngapi?" anauliza.
Sijibu upesi.
"Ya ngapi hiyo, ambayo ukiitoa gari halina habari?"
Anazungusha kikombe kilichokwisha chai.
Tangu Shaabani wageni wanamsalimu,
kisha wananiuliza mimi habari zake
naye amekaa hapohapo.

"Ya tatu," nasema, nazima.

Plagi imetoka imelowa, nyeusi kama sufuria ya shughuli.
Naisugua kwa brashi ya waya, halafu msasa,
naigonga taratibu kwenye saruji kuufunga mwanya,
napitisha kipande cha msumeno. Kwangu panatosha.
Kipimo sina; kipimo kilikwenda na altaneta.

"Lete."
Namwekea kiganjani.
Anautia ukucha wa kidole gumba, ule mrefu
ninaomgombeza kila Ijumaa aukate,
anautia kwenye mwanya, anautoa, anautia.
"Pana bado. Unywele mmoja."
"Unywele wa nani?"
"Wako. Zangu ziliisha zamani."
Nagonga. Anapima. Anakataa.
Nagonga kama anayebisha mlango wa mzazi aliyejifungua jana.
"Hapo."

Nairudisha kwa mkono kwanza, uzi ukamate wenyewe,
si kama yeye, aliyekaza kila nati ya gari hili
kana kwamba mtaa mzima unaivizia.
Nusu ya uzee wangu imekwisha nikifungua alichofunga.
Namwambia hivyo. Anacheka mpaka anakohoa,
kikohozi cha pili cha asubuhi hii.

Stata.
Haishiki.
Stata.
Tu-tu-tu-tu, ngazi ina vidato vyake vyote,
na Ngoda wa nyumba ya pili anatoa kichwa dirishani
kuhakikisha kama kweli ni letu.

"Mkanda unalia," anasema Mhina. "Na bushi ya mbele kushoto imekwisha.
Na breki, ile ya nyuma, mbona huniambii?"
Namwacha aendelee.
Naenda kuosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga.
Ijumaa hii mkasi sitauleta.