Upande Gani

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, inaingia na kukaa.
Darasa la sita wanapaka rangi ramani:
bluu kwa Mjerumani, nyekundu kwa Mwingereza.
Lugano, wa dawati la dirishani, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, sisi tulikuwa upande gani?"

Kitabu kina kurasa mbili tu. Nikasema,
"Tutaliangalia kesho."

Kesho ni uongo wa walimu. Jibu lilikuwa nyumbani,
nililirithi kwa bibi yangu, Tungapesyaga,
aliyelisimulia akimenya ndizi,
bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya chumvi.

Mwaka ule, alisema, barua mbili zilimfikia malafyale.
Moja ilishuka kutoka bomani mchana kweupe,
moja ilivuka Songwe usiku, ndani ya kibuyu cha maziwa.
Zote zilisema: wewe ni wetu.
Malafyale akaita watu, wakakaa hadi maziwa yakaganda,
kisha akawatuma wajumbe wawili na neno moja:
Hakuna ng'ombe wetu aliyeibwa na Mwingereza.
Hakuna ng'ombe wetu aliyeibwa na Mjerumani.
(Hapo bibi alicheka. Hilo la pili halikuwa kweli,
ila mjumbe wake alikuwa anaelekea bomani.)
Piganeni. Sisi tunapalilia.

Bomani wakajibu: vema,
mkuki wako hatuutaki, tunataka bega.

Kwanza ndizi. Haikuwa vita, ilikuwa ndizi.
Kisha ng'ombe kumi, kwa karatasi yenye muhuri wa tai.
Kisha vijana ishirini, wiki mbili tu.
Siku gani tuliingia vitani? Bibi hakujua.
Alijua siku aliyoondoka kaka yake, Kalasya,
mkeka kwapani, funza kwenye kidole gumba,
akichechemea kabla hata ya kubeba kitu.

Kalasya alibeba sanduku. Hakuambiwa lina nini.
Sanduku lilikuwa na namba, naye akapewa namba.
Juu ya Uporoto, barafu nyembamba juu ya majani,
alfajiri moja risasi zikalia,
mabwana wakayeyuka kwenye ukungu,
na sauti nyingine, ya lugha nyingine,
ikamnyooshea kidole: wewe, nyanyua.

Alikuwa bado amelibeba.
Sanduku lile lile. Njia ile ile.
Tangu hapo akawa wa Mwingereza,
na mzigo hakuwahi kuutua.

Njombe. Iringa. Mbele ya Iringa.
Mahindi makavu, hakuna chungu cha kuyapikia.
Waliokufa kwa risasi aliwahesabu: watatu.
Waliokufa kwa tumbo hakuwahesabu,
alisema hesabu ilimshinda karibu na mto fulani
ambao jina lake hakulitaka tena mdomoni.

Akarudi, akakohoa.
Vijiji vyote vilikuwa vinakohoa.
Malafyale aliyezikataa barua mbili
alikufa Jumanne kwa mafua yaliyotoka vitani,
na mama wa Kalasya Alhamisi,
na migomba ikaangusha mikungu, hakuna wa kukata.

Karatasi ya tai ilipelekwa bomani. Boma lile lile,
bendera nyingine. Karani akaisoma, akaikunja:
hili ni deni la aliyeshindwa.
Ujira wa kubeba je? Akauliza namba.
Kalasya alikuwa ameisahau.
Yeye, aliyekumbuka kila ng'ombe kati ya wale kumi
kwa rangi na kwa pembe.

Leo nasahihisha madaftari, taa ya chemli pembeni, umeme umekatika.
Ramani ya Lugano: bluu juu, nyekundu chini,
na kuanzia Rungwe hadi Iringa pameachwa peupe.
Labda penseli ziliisha. Labda alichoka.
Nikachukua kalamu nyekundu niweke vema,
nikaitazama rangi yake,
nikairudisha.

Nimetafuta penseli ya kawaida nyumba nzima.
Imepatikana jikoni, kwenye kopo la chumvi,
fupi kama kidole gumba.