Mshono Mbichi

Sikuumia njiani. Niliumia kitandani,
saa kumi na moja, adhana ya Newala ingali kooni mwa mwadhini:
nikashusha mguu wa kulia, nikadhani nimekanyaga mwiba.
Nikawasha taa, nikachukua sindano ya jinzi,
nikakipekua kisigino kama anayesaka chawa.
Hakuna mwiba.
Hatua ya pili, mwiba. Ya tatu, mwiba.
Kufika jikoni umepungua, kufika dukani nimeusahau.
Nikasema, basi, ni baridi ya huku juu.

Jumamosi nikakimbia nao tena,
watu kumi na wawili na filimbi moja,
kutoka stendi hadi ukingo wa Shimo la Mungu,
pale ardhi inapokatika ghafla kwa mkasi
na bonde la Ruvuma linaonekana chini, buluu, kama bitana.
Nampunju muuza spea akapaza sauti:
"Somoe, unachechemea!"
"Nacheza," nikamjibu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Ni mimi niliyesikia kuna mbio Mtwara mwezi wa tisa,
nikatoka kilomita sita nikarukia kumi na nne
ndani ya wiki mbili, kwa raba za mnadani
ambazo soli zake zilishakimbia na mtu mwingine, nchi nyingine,
zikaja kwangu zimechoka.

Kila mtu akawa mganga.
Mama mkwe: mafuta ya nyonyo na jani la moto.
Jirani: chanja.
Mteja, suruali yake mkononi mwangu:
"Mama wa watoto watatu, unamkimbia nani?"
Hilo liliuma kuliko kisigino.
Suruali yake niliipunguza sentimita moja zaidi.

Hospitali, dada Nandonde wa mazoezi ya viungo
alibonyeza kwa kidole gumba mahali pamoja tu,
nikaona nyota mchana kweupe.
"Chini ya unyayo kuna utepe," akasema,
"watoka kisigino hadi vidoleni.
Umevutwa pale unapoanzia, nyuzi zimefumuka.
Usiku unajikunja. Asubuhi unaukurupusha."
"Mshono mbichi," nikasema.
Akacheka. "Ndiyo, fundi. Hauvutwi.
Lakini usiufungie kabatini. Nguo isiyovaliwa huliwa na mende."

Basi kabla ya kushuka kitandani navivuta vidole kwa kitenge,
nahesabu thelathini, mume wangu anahesabu nami usingizini, anakosea.
Mchana chupa ya maji ya barafu inabingirika chini ya meza
huku juu napinda pindo la sare za shule.
Jioni nasimama kwenye ngazi ya duka, visigino hewani:
napanda kwa tatu, nakaa, nashuka kwa tatu.
Watoto wa mtaa wameshaacha kucheka. Wanapanda nami.
Miaka kumi na tisa nimekanyaga pedali ya cherehani,
juu, chini, juu,
nikidhani nashona za watu tu.

Mwezi mmoja, bila badiliko.
Wa pili, nililia kidogo, kwa hasira, si kwa maumivu.
Kumi na moja walipanda basi la Mtwara,
namba vifuani nimewashonea mwenyewe.
Ya kumi na mbili ilibaki.
Nimeifanya kishikio cha sufuria.

Mwezi wa kumi na moja, raba mpya, deni la wiki sita:
dakika mbili nakimbia, tatu natembea.
Nilipofika ukingoni wenzangu walishageuka,
tumepishana njiani, Nampunju hakusema neno, alipuliza filimbi tu.
Nikasimama peke yangu. Ukungu ulikuwa umelifunika bonde lote,
hapakuwa na cha kuona.
Nikatazama hata hivyo.

Leo alfajiri naketi ukingoni mwa kitanda.
Kipo bado, kitu kidogo,
kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo.
"Shikamoo," nakiambia kisigino.
Nakipa muda kiitikie,
ndipo nasimama.