Nilisema Tuvuke

Katika bonde letu, kaskazini mwa Aisilandi,
kila Septemba watu humchagua mfalme wa mlima.
Ufalme wa siku sita.
Hakuna taji: kuna filimbi, ramani iliyochanika kwenye mikunjo,
na kondoo elfu tatu waliotawanyika huko juu tangu Juni,
wasiojua kwamba wana mfalme.

Mwaka wa kwanza nilidhani kazi ni kutangulia.
Nikawa mbele, mgongo wima, koti jipya,
na nyuma yangu Hallbera akashuka farasi mara tisa
kuwainua wanakondoo waliochoka,
mara tisa, nami sikugeuka hata moja.
Jioni nikausifu mwendo wetu.
Hakuna aliyejibu. Vijiko viligonga mabakuli.

Tangu hapo nakaa nyuma.
Nyuma ndiko anakoonekana anayechechemea,
mbwa mwenye damu ukuchani,
mtu anayecheka sana ili asiulizwe.
Ukiwa mbele unauona mlima tu,
na mlima hauhitaji kuongozwa.

Kibandani nalala kitanda cha mlangoni,
pale upepo unapoingia bila hodi.
Si utakatifu. Anayelala karibu na jiko
huamka akiamini usiku ulikuwa na joto,
kisha huwapangia wenziwe safari kwa joto lile.

Lakini hayo ni mepesi.
Hata mwongo anaweza kula wa mwisho akitazamwa.
Nataka kusema habari ya mto.

Mwaka wa nne, siku ya tano, ukungu.
Kwenye zizi la kugawia walitungoja saa tisa,
wake kwa waume, watoto, vyungu vya supu,
mpiga picha wa gazeti la mkoa.
Maji yalikuwa ya kijivu, na chini yake mawe yalisagana.
Eyvindur, miaka kumi na saba, akasema: Yamepanda tangu jana.
Nilimsikia.
Nikatazama saa.
Nikasema tuvuke.

Hallbera tulimdaka kwa kamba na kwa kola ya koti.
Farasi wake, Mósi, hatukumdaka.
Kichwa chake kiligeuka pale kwenye kona
kama mtu anayetaka kuuliza jambo,
halafu mto ukawa mto tu.

Usiku ule daftari la kibanda lilikuwa wazi mbele yangu.
Kalamu ya risasi ikajiandikia:
Mto ulifurika. Farasi mmoja alipotea.
Soma tena. Hamna uongo.
Ila ona sentensi ilivyo safi, haina mtu ndani,
kama nyumba iliyopigwa deki kabla polisi hawajafika.
Iliamuliwa. Ilionekana vema. Makosa yalifanyika.
Kitenzi kimevaa barakoa,
nafsi imetokea mlango wa uani.

Nikafuta. Nikaandika:
Eyvindur alionya. Mimi, Steinvör, nilisema tuvuke.

Silabi ile moja, *ni*,
ndiyo uongozi wote ninaoujua.
Ndogo kama kupe, na huuma vivyo hivyo.

Hallbera aliisoma asubuhi.
Akasema kahawa imepoa.
Mpaka leo hajanisamehe, na ni haki yake;
wala simwombi, maana kuomba ni kumtwika mzigo wangu
juu ya tandiko lisilo na farasi.
Majira ya kuchipua nilimpelekea farasi jike wangu, yule mwekundu.
Alimpokea. Jina alilompa hajaniambia.

Mwaka huu kura zimemwangukia Eyvindur.
Nimemkabidhi filimbi, ramani,
na kalamu mpya, ya wino.
Akacheka. Kisha hakucheka tena.
Akaniuliza: Na siku ambazo hakuna mto,
siku zile ndogo, ambazo hakuna anayeandika lolote?

Sikuwa na jibu.
Farasi wake alikuwa amejaza tumbo pumzi, kama wafanyavyo;
tukangoja pamoja aiteme,
ndipo tukaukaza mkanda.