Ishirini kwa Nusu Saa

Kwa Muthoga, Kaptembwo, ni ishirini kwa nusu saa.
Kipngeno huchagua joka.
Upanga wake unang'aa bila kuguswa na msasa;
anachuma maua ya samawati mlimani, anayachemsha,
jeraha linafunga kabla sijamaliza kucheka.
"Huku," husema, "hata wezi wana adabu."

Mimi nataka ile nyingine,
dunia iliyokwisha kuungua.
Natembea na koti la viraka, nafungua droo za marehemu:
gundi, waya, kopo la maharagwe,
betri moja.
Humo kila takataka ina bei.
Mama angefika mbali;
miaka tisa anaokota Gioto, shaba anaitambua kwa kuigonga tu.

Kwake mfalme humwita kwa jina, akamwomba msaada.
Kwangu redio inakoroma
na mfereji unatoa maji yanayoua polepole.
Ila mzigo ukizidi, kwake au kwangu,
hukimbii.

Haniulizi kwa nini nayakwepa makasri yake.
Nami simuulizi kwa nini hakanyagi magofu yangu:
nyumba yao ilimezwa na ziwa,
kiangazi paa huchomoza kidogo,
mnandi akatua juu yake kukausha mbawa.

Leo stima imepotea joka likiwa hewani,
kabla hajahifadhi.
Tumebaki gizani, vidole vyetu vikibonyeza bado.

"Lilikuwa linaanguka," akasema.
"Lingeangukia kwangu," nikamjibu,
"mifupa ile tungeiuza kwa kilo."