Ndege Arobaini

Mama hakujua kusoma Kiingereza
ila majina ya ndege za kivita.
Hayo aliyasoma kwenye karatasi iliyoletwa na kamandi ya ulinzi wa anga:
vivuli vyeusi vilivyochorwa kutoka chini,
kama kifaranga anavyomwona mwewe.
Akaibandika juu ya jiko, ubavuni mwa Mtakatifu Mikola,
akawa anakoroga uji na kukariri:
mabawa yamelala nyuma, wetu;
mabawa marefu, injini nne, piga simu.

Kwa masikio alikuwa amezijua zamani.
Mwaka wa arobaini na mbili, vita vikiwa ng'ambo,
serikali ilimwaga lami katikati ya ngano ya akina Woloshyn
ikaleta vijana kujifunza kuruka.
Ndege za mafunzo, manjano kama kiini cha yai,
zilipita juu ya paa letu tangu alfajiri,
zikinguruma, zikikohoa, zikinyamaza.
Zikinyamaza, mama alisimama na ndoo ya maziwa mkononi
mpaka zingurume tena.
Mara moja haikunguruma.
Alikuwa mtu wa Nyuzilandi, Aubrey Pascoe, miaka kumi na tisa.
Mama ndiye aliyemfunika, kwa shuka la kitanda chetu.
Ngano pale iliota fupi misimu mitatu.

Basi walipokuja mwaka wa hamsini na tatu kutafuta watu wa kujitolea,
wakisema Mrusi atapitia kwenye ncha ya dunia,
baba alicheka.
Mama akauliza zamu inaanza saa ngapi.

Kibanda juu ya ghala la nafaka, ngazi ya vipago themanini na saba.
Darubini moja. Simu moja.
Buli la chai lililovishwa soksi ya baba.
Nami, miaka kumi, mkalimani:
yeye hunong'ona Kikiukraini,
mimi hutangaza Kiingereza kwa sauti ya jenerali.
Ngapi. Kimo gani. Zatoka wapi, zaenda wapi.
Miezi minane tuliripoti ndege ya barua
na ndege ya daktari.

Oktoba, saa kumi alfajiri, baridi ya kukata kope,
mama akainua darubini, akatabasamu:
"Bukini, Metro. Waandikie tu kwenye daftari."
Nami nilikuwa nimechoka kusubiri vita.
Nikanyanyua simu.
"Ndege arobaini," nikasema,
"juu, kutoka kaskazini."
Uongo hapo uko wapi?

Dakika kumi na moja baadaye mbingu ilipasuka mara mbili
na wale bukini wakatawanyika kama mto uliochanika.

Rubani mwenyewe alikuja Jumapili, Luteni Desrosiers,
masharubu machanga, kofia kwapani.
Nilijua nimekwisha.
Mama alimwandalia vareniki za viazi, akasikiliza,
nami nikamtafsiria kila neno, safari hii bila kupunguza.
Kisha akasema: "Mwambie macho yangu yamezeeka."
Nikamwambia.
Luteni alipangusa siagi kidevuni.
"Mwambie mama yako tunahitaji watu wanaoogopa vizuri."
Hiyo sikuweza kuitafsiri.
Mama hakunitazama, siku ile wala baadaye.

Walimwachisha kwa barua ya shukrani na beji ya bati.
Mashine sasa zinaona mbali kuliko darubini, barua ilisema.
Mashine yenyewe ilikuwa mimi:
wiki ishirini na mbili za chuo cha rada,
kisha chumba kisicho na dirisha, kaskazini ya miti ya mwisho,
kioo cha kijani na mshale unaozunguka
kama mtu anayefagia sakafu moja maisha yake yote.

Usiku mmoja vikatokea vitone.
Thelathini, labda arobaini,
vikitambaa kusini bila haraka.
Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya simu.
Sajini akainama begani kwangu, pumzi ya kahawa.
"Ndege hizo ni za nani?"

"Hao," nikasema.
"Ndege hao."