Kiti cha Kupewa

Mwajabu, nakuandikia nyuma ya kipeperushi.
Saa saba usiku, Burnley, ukumbi wa michezo.
Mistari ya badminton ingali sakafuni,
na juu ya meza kura zimepangwa mafungu mafungu
kama nyanya za gulioni Korogwe.
Mhesabu kura amevaa kikofia cha mpira kidoleni.
Hana haraka. Mimi ndiye mwenye haraka,
mimi wakala, mwenye beji na soksi mbili mbili.

Mgombea ni Salha wangu.
Yule uliyembeba mgongoni kikao cha bajeti
nikisimama kuomba choo cha wasichana.
Unakumbuka? "Mama wa viti maalumu,
subiri kwanza wenye kata waseme."
Nikasubiri. Wakasema. Wakaenda kula.
Choo kilijengwa mwaka wa tatu
na jina lililochorwa kwenye saruji mbichi
halikuwa langu.

"Huku hakuna viti maalumu, Mama," aliniambia.
"Huku kuna mvua na milango."
Akagonga milango elfu mbili.
Mbwa mmoja alimnyang'anya karatasi kupitia tundu la barua.
Mzee mmoja akamwuliza, unatoka wapi wewe?
"Mtaa wa pili, pale penye taa iliyoungua."
Mzee akafikiri.
"Iwashe hiyo taa, kisha tuzungumze."

Sasa sikia.
Mia sita na kumi na mbili.
Mia sita na kumi na mbili.
Wamehesabu mara tatu, hata kura moja
iliyochorwa uso unaocheka wameijadili kwa heshima,
na hesabu haikusogea.
Sheria yao inasema: hapo bahati ichague.
Majina mawili, vikaratasi viwili,
sanduku tupu, mkono wa msimamizi.

Namtazama Bwana Grimshaw.
Vipindi vinne kwenye kata hii,
na baba yake kabla yake.
Anafuta miwani. Anaivaa. Anaifuta tena.
Mikono yake haijui pa kukaa,
maana hajawahi kusimama ukutani
akingoja mtu mwingine ampe.
Sura ile naijua, Mwajabu.
Niliivaa miaka kumi,
nikiipaka poda kila asubuhi ya kikao.
Nilidhani nitacheka. Nimemwonea huruma,
nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Salha ananiinamia sikioni, ananuka mvua na pipi ya tangawizi.
"Nikipata hivi, watasema nimepewa."
"Watasema."
"Na wewe?"
Nataka kumwambia mengi:
kwamba kiti hakina kumbukumbu ya mlango ulioingilia,
kwamba hilo nalo si kweli,
kinakumbuka, kinakukumbusha kila Jumanne,
na bado unakikalia, unafungua faili,
unauliza fedha za mwaka jana zilikwenda wapi.
Nimemwambia tu: anza na ile taa.

Msimamizi anakunja mkono wa shati,
atuonyeshe hakuficha kitu.
Ngoja.
Mkono umeingia.