Kucha Kumi na Nane

Mimi hunyanyua makontena Kilindini.
Tani ishirini na nane kwa vidole viwili,
nikiwa juu kabini, na walio chini
ni kofia za manjano tu.

Lakini leo asubuhi, kwetu Tononoka,
ghorofa ya pili,
mkono unanitetemeka
mbele ya mguu wa paka.

Anaitwa Bizari. Amelala mapajani pa Swabra,
binti yangu, miaka tisa,
aliyemviringa taulo hadi shingoni
kama mtoto ambaye arubaini haijatoka,
akabakisha mguu mmoja nje.
"Usimkabe, Baba. Mshike tu."

Kisa ni pazia.
Pazia jipya, la harusi ya Mwanakheri,
limeshuka nyuzi toka juu hadi chini.
Mama yake alisema neno moja, "Kucha,"
akachukua kikapu, akaenda zake Marikiti.

"Bonyeza hapo kwenye kidole, kidogo."
Nabonyeza. Ukucha unachomoza wenyewe,
mwembamba kama mwezi mwandamo,
ule wa kubishaniwa.
"Sasa mwelekeze dirishani."
Ndani ya ukucha kuna uzi wa waridi.
"Hapo pako hai, hapaguswi.
Kata ncha, pale peupe."

Nimewahi kutua shehena ya vioo, upepo ukiyumba,
pasiingie ufa.
Ila sijawahi kuona kilichomo.
Milango ina lakiri; mimi napandisha, nashusha.
Hapa naiona damu imetulia,
nusu punje ya mchele kutoka kwenye makali yangu.

Tak.
Bizari hafumbui hata jicho.
Tak.
Wa tatu ndio kwanza umekatika,
honi ya tuktuk inalia chini.
Anashtuka, nami nashtuka kumliko yeye,
kikata-kucha kinaniponyoka, kinaingia uvunguni.

Nainama kukitafuta, nakuta kisahani:
unga wa ngano, kijiko kimoja,
wa kuzibia damu ikitoka.
Haikutoka.
Lakini mwanangu alijua naweza kukosea,
akajiandaa,
asiniambie.

"Basi, inatosha. Tukimchosha leo,
kesho hatupatii mguu."
Anamfungua taulo, anampa kipande cha ng'onda.

Tatu zimekatwa, kumi na tano zimebaki.
Naziandika nyuma ya kalenda
kama orodha ya meli zinazosubiri gatini.
Bizari anajilamba, anajinyoosha,
anatembea taratibu hadi kwenye pazia,
anatutazama,
kisha anainua ule mguu mwingine.